Miezi 14 na mashine ya kurekodi traki 16: sauti haina shida, shida ni kuingiza mafaili

Mashine hii niliinunua ikiwa imeshatumika, shilingi laki tisa na nusu, kwa mwanamuziki mmoja aliyekuwa anahama Dodoma. Ni mashine ya kurekodi traki nyingi, zile za kujitegemea zisizohitaji kompyuta. Ina traki 16, inarekodi nane kwa mpigo, ina matundu manane ya kuchomeka maiki, inahifadhi kwenye memori kadi ya SD, na umeme usipokuwepo inakula betri sita za AA. Jina la kampuni naliacha makusudi. Karibu kila nitakalolisema kuhusu mafaili utalikuta kwenye mashine za aina hii za kampuni nyingi, na si haki moja ibebe lawama za ukoo mzima.

Naishi Nkuhungu, hapahapa Dodoma. Chumba cha kurekodia ninacho, lakini kazi zangu nyingi haziji chumbani. Ni kwaya za sharika, vikundi vya ngoma, wazee wa zeze na wa ilimba (chombo cha Wagogo chenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa madole gumba) ambao ukiwaleta mjini ukawafungia kwenye chumba chenye magodoro ukutani, hawapigi kama wanavyopiga kwao. Kwa hiyo mimi ndiye ninayewafuata: Mvumi, Chamwino, Bahi, mara moja mpaka Kongwa. Nilihangaika na laptopu na mafurushi ya waya kwa miaka mitatu, na vumbi letu la mwezi wa nane likaniulia laptopu mbili. Hapo ndipo nilipoanza kuitafuta mashine kama hii.

Nianze na haki yake.

Siku ya kwanza kuipeleka kazini niliwarekodi akina mama wa muheme chini ya mbuyu, njia ya Mvumi. Mpigaji wa muheme huibana ngoma kwa mapaja na kuipiga kwa viganja, kwa hiyo maiki ukiiweka juu sana unapata kelele, ukiiweka chini sana unapata nguo inayosuguana na ngozi. Niliweka maiki moja moja kwa ngoma nne, mbili kwa waimbaji, moja karibu na ardhi kwa mwenye njuga miguuni, na ya nane niliisogeza hatua kumi nyuma ipokee uwanja mzima. Tulifanya kazi saa mbili na nusu kwa betri peke yake. Usiku nilipovaa hedifoni nikakuta kila kitu kimekaa mahali pake: kiganja kinasikika kikiigusa ngozi kabla mlio haujafunguka, na mama mmoja anasikika akivuta pumzi kabla ya kuupokea wimbo. Niliirudia pumzi ile mara nne.

Traki nane za biti 24 kwa kilohezi 44.1 hula megabaiti kama 64 kwa dakika. Kadi ya gigabaiti 32 inakupa saa nane na ushee. (Nikisema biti hapa sisemi biti ya kuimbia, nasema hesabu ya ukubwa wa kila kipimo cha sauti; na kilohezi ni maelfu ya vipimo hivyo kwa kila sekunde. Biti ya kuimbia nitaiita mdundo, tusichanganyane.) Vitelezo vya sauti ni vizito kiasi kizuri, havikimbii kidole. Maiki za kondensa zinazotaka volti 48 zinapata umeme kwenye matundu mawili tu, na hilo lifahamu mapema. Skrini ni ndogo na juani haisomeki, jifunike kanga. Kwenye kurekodi sina la kuongeza.

Tabu inaanza pale unapotaka kitu kilichorekodiwa kwingine kiingie ndani yake.

Mwaka jana kikundi kimoja cha Chamwino kilitaka wimbo wao uwe na kinanda chini yake. Kiongozi wao ni babu anayepiga ilimba, chombo kilekile ambacho mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose alikisikilizisha dunia mpaka alipofariki mwaka 2003. Mpiga kinanda wetu yuko Dar es Salaam. Nilimtumia sauti ya ilimba peke yake, yeye akakivuta kinanda chake kidogo kidogo mpaka kikakaa sawa na ilimba ya babu, akapiga wimbo mzima wa dakika nne, akanirudishia. Kazi yangu ilibaki moja: kuuingiza mdundo huo kwenye traki ya 9 na ya 10, niende nao kijijini, babu na waimbaji wavae hedifoni, waimbe juu yake.

Faili lilikuja kwa WhatsApp. Nikalihamisha kwenye laptopu, nikalinakili kwenye kadi, nikairudisha kadi kwenye mashine, nikafungua ukurasa wa kuingiza mafaili. Orodha tupu. Faili lipo kwenye kadi, kwenye laptopu nalipiga vizuri, mashine haioni kitu.

Sababu ya kwanza ilikuwa aina ya faili. Mashine hii, kama nyingi za ukoo wake, inaingiza WAV peke yake, aina ya faili inayohifadhi sauti bila kuibana. MP3 haitaki, M4A haitaki, na zile sauti unazorekodi kwa kubonyeza maiki ya WhatsApp ndiyo haizijui kabisa, maana zile ni Opus, aina nyingine ya kubana sauti. Nikafanya kosa ambalo naona wengi wanalifanya: nikafuta herufi za mwisho za jina la faili nikaandika wav. Sasa mashine ikaliona. Nikabonyeza kuingiza, skrini ikaandika kwamba faili si la aina yake. Nikabadili jina tena, nikazima nikawasha, nikajaribu kadi nyingine. Saa nzima ilipotea hapo.

Kijana mmoja wa duka la stationery karibu na Jamatini ndiye aliyenitoa. Nilikuwa nimekwenda kwake kuchapisha ratiba ya kwaya, nikamweleza shida yangu. Akasema, "Dada, lete hilo faili nikuonyeshe kitu." Akalifungua kwa Notepad, programu ya kawaida ya maandishi iliyomo kwenye Windows. Zikaja takataka za herufi skrini nzima, lakini mwanzoni kabisa pakasomeka ftyp. Akachukua WAV halisi akaifungua vilevile: herufi nne za kwanza ni RIFF, na mbele kidogo limeandikwa neno WAVE. Akasema mashine haisomi jina ulilolibandika nje, inasoma hizi za ndani. Tangu siku hiyo hiki ndicho kipimo changu cha kwanza. RIFF ikifuatwa na WAVE maana yake ni WAV. OggS maana yake limetoka kwenye sauti za WhatsApp. ID3 karibu kila mara ni MP3. Ukiona ftyp, ni M4A au sauti iliyotoka kwenye video. Sekunde kumi, na huhitaji kununua chochote.

Dawa yake ni kuligeuza faili kwa programu. Natumia Audacity kwa sababu ni ya bure na laptopu ya zamani inaimudu. Fungua faili (la M4A linataka kwanza uiongezee FFmpeg, nayo ni ya bure), litoe kama WAV, umemaliza. Lakini fahamu kwamba kugeuza hakurudishi kilichokwisha kupotea. Ilimba ina matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui, na ndio unaoipa ule mvumo unaotetema juu ya kila noti. Mvumo ule ndio wa kwanza kufa faili linapobanwa sana: unasikika kama mchanga unaomwagwa kwenye karatasi. Ukishabanwa hivyo, hata uugeuze kuwa WAV ya ukubwa gani, unahifadhi mchanga kwenye chombo kikubwa. Kwa hiyo mtu akiwa na faili la asili, aombwe hilo, na alitume kama dokumenti, si kama sauti. Ikitumwa kama dokumenti, WhatsApp hailigusi. Najua bando linauma: wimbo wa dakika nne katika WAV ya stirio ni megabaiti kama 42, na huohuo ukiwa MP3 ya kawaida haufiki nne. Kwa kazi ya namna hii bando hilo linalipa.

Nikageuza, nikanakili tena. Bado orodha tupu.

Hapa lawama inakiangukia kitabu cha maelekezo. Mashine haitazami kadi nzima. Ina folda zake yenyewe, iliyozitengeneza ilipoifomati kadi, na inatafuta mafaili ya kuingiza kwenye folda moja tu. Mimi nililiweka faili nje, pale kadi inapofunguka. Kitabu kinalitaja jambo hili kwa mstari mmoja, katikati ya ukurasa unaozungumzia waya wa USB. Mstari huo ulistahili kuandikwa kwenye kibao na kubandikwa mgongoni mwa mashine. Ukinunua yoyote ya aina hii, ifomatie kadi ndani ya mashine, kisha iangalie kwenye kompyuta uone imeumba folda gani, na usizibadilishe majina hata herufi moja.

Safari hii likaonekana, likakubali, likakaa kwenye traki ya 9 na ya 10. Nilisikiliza sekunde kumi za mwanzo, kinanda kinalia, nikafunga mkoba. Kesho yake alfajiri nikapanda gari la Chamwino.

Nilipofika wazee walikuwa wameshakaa. Bibi mmoja akanipokea, "Mbukwenyi!" nami nikaitikia, tukasalimiana mpaka zikaisha. Nikampa babu hedifoni, nikawasha mdundo. Akasikiliza akiwa amefumba macho. Akapiga noti moja ya ilimba kwa dole gumba. Akaacha. Akapiga tena ileile. Kisha akavua hedifoni, akaniambia taratibu, "Mwanangu, chombo changu hakijashuka. Hiki kinanda chako kimeshuka."

Nilidhani ni masikio ya uzee. Nikavaa mwenyewe, na kweli. Kinanda kilikuwa chini, si kwa kibonyezo kimoja kamili cha kinanda wala viwili, katikati. Kwaya isiyo na chombo ingeimba tu chini kidogo wala isijue. Ilimba haiwezi. Vijiti vyake vya chuma vimesogezwa mahali pake kwa kugongwa, na babu hataviondoa hapo kwa sababu ya faili la mtu wa Dar es Salaam. Tukakaa pale, watu kumi na wanane wameacha mashamba yao, mimi nabonyeza vitufe. Mwishowe nilirekodi ilimba na waimbaji peke yao, nikarudi mjini na kazi nusu.

Jibu nililipata usiku, nilipoangalia urefu wa wimbo. Mpiga kinanda aliniambia ni dakika nne kamili. Kwenye mashine ulikuwa na dakika 4 na sekunde 21. Yeye hufanya pia kazi za video, na kompyuta yake imewekwa kwenye kilohezi 48, kipimo cha watu wa video. Mashine yangu niliianzishia mradi kwenye 44.1, kipimo kilichotoka kwenye CD. Faili lake lilikuwa na vipimo 48,000 kwa kila sekunde. Mashine ikawa inavisoma 44,100 kwa sekunde kama ilivyozoea. Vilivyobaki vinasubiri sekunde inayofuata, wimbo unarefuka, na sauti inashuka karibu kibonyezo kimoja na nusu cha kinanda. Gawa 48 kwa 44.1, zidisha kwa dakika nne, utaipata hiyo 4:21. Hesabu haina kasoro na masikio ya babu hayakuwa na kasoro.

Hapa ndipo naipunguzia mashine alama, na naipunguzia nyingi. Zipo mashine za aina hii zinazokataa faili la 48 kwenye mradi wa 44.1, na kukataliwa kunaudhi, lakini kunakusimamisha ukiwa bado nyumbani. Yangu ilipokea, ikanyamaza. Haikuonyesha onyo, wala haikuuliza. Chombo cha sauti kinachokubali faili la kipimo kingine bila kumwambia mwenyewe kimemwacha mtu wake aende kuaibika mbele ya watu.

Kinga yake ni ndogo kabla hujaondoka. Ukishaingiza, linganisha urefu wa wimbo kwenye mashine na urefu wake kwenye kompyuta. Sekunde zikilingana, uko salama. Wimbo ukirefuka, faili lilikuwa la 48 na mradi wa 44.1. Ukifupika na sauti kupanda, ni kinyume chake. Usisikilize sekunde kumi kama nilivyofanya mimi. Kinanda kilichoshuka bado kinasikika ni kinanda. Kuligeuza faili kutoka 48 kwenda 44.1 Audacity inafanya vizuri, na sauti inabaki palepale.

Nilirudi Chamwino wiki mbili baadaye na mdundo uliogeuzwa. Babu alipiga noti yake ileile, akasikiliza, akaendelea kupiga moja kwa moja mpaka mwisho wa wimbo bila kuniangalia. Ndiyo rekodi tuliyoibakiza.

Mengine niliyokutana nayo tangu hapo nayataja kwa haraka, isipokuwa la kadi.

Biti 32. Watayarishaji wengi wa muziki siku hizi wanatoa mafaili ya biti 32 zenye desimali, na Audacity nayo huanza kazi kwa aina hiyo. Kwenye kompyuta ni nzuri. Mashine yangu inajua 16 na 24 tu. Faili lina RIFF, lina WAVE, kipimo ni 44.1, na bado linakataliwa. Ukifika hapo, hiyo ndiyo sababu ya kutafuta. Litoe upya kama PCM, yaani WAV ya kawaida isiyo na desimali, ya biti 16 au 24.

Majina ya mafaili. Kwaya moja ya hapa mjini ilinitumia wimbo ambao jina lake lina neno ting'are. Simu ikaandika king'ong'o kile kwa alama iliyopinda badala ya ile iliyonyooka, na skrini ya mashine ikaonyesha viboksi viwili katikati ya jina, kisha ikagoma kulifungua. Nikaliita TINGARE1, likaingia hapohapo. Sasa majina yangu yote ni herufi na namba, hayazidi nane, hakuna nafasi, hakuna alama. Inaniuma kuikosea lugha yangu kwenye jina la faili, lakini kwenye daftari naliandika sawasawa.

Mafaili ya mizimu. Ukinakili kutoka kwenye kompyuta za Mac, kila wimbo unaambatana na faili dogo la kilobaiti kama nne, jina ni lilelile ila limetanguliwa na nukta na kistari cha chini. Kwenye Mac hulioni. Mashine inaliona na kuliweka kwenye orodha juu ya lile la kweli. Unachagua la kwanza, linakataa, unadhani wimbo umeharibika. Shuka mstari mmoja, au yafute kwenye Windows kabla ya kurudisha kadi.

Stirio na mono. Faili la stirio linataka traki mbili zilizofungwa pamoja, 9 na 10, 11 na 12, namna hiyo. Ukililenga kwenye traki moja, halitaingia. Na traki ikiwa na kitu ndani yake, ifute kwanza au chagua nyingine.

Na MP3 zilizogeuzwa hazianzi pamoja. Ukipewa ngoma, besi na kinanda katika MP3 tatu, ukazigeuza na kuziingiza, utaona kinanda kimechelewa kidogo. MP3 huongeza ukimya mwanzoni, mara nyingi sehemu ya arobaini ya sekunde hivi, na kila programu ina kiasi chake. Kwa wimbo wa taratibu hutasikia. Kwa mdundo wa Kigogo, ambapo njuga na ngoma zinapishana kwa nafasi nyembamba, utasikia na itakukera. Mimi huomba kila mtu atoe mafaili yake yote kuanzia sekunde ya sifuri, hata kama chombo chake kinaingia dakika ya pili, na apige makofi mawili kabla ya wimbo kuanza. Makofi ukiyaona kwenye traki zote unajua pa kuvuta.

Sasa kadi, maana hapa nililia. Kadi ya kwanza niliyoitumia ilikuja na mashine, gigabaiti 16, nikaona ndogo. Nikaagiza nyingine duka moja la Dar es Salaam, imeandikwa gigabaiti 64, bei ikanifurahisha. Mashine ikaikataa. Hilo lilikuwa sahihi: kadi zinazozidi 32 ni za aina ya SDXC na huja na fomati ya exFAT, wakati mashine nyingi za umri huu zinaishia SDHC ya gigabaiti 32 na FAT32. Nikarudi dukani kwa simu, wakanibadilishia kwa ya 32. Hii ikakubali. Nikarekodi nayo kwaya ya pasaka, siku mbili nzima. Nyimbo sita za kwanza zipo. Kuanzia ya saba, majina ya mafaili yapo, urefu upo, ukiyapiga ni kimya na mikwaruzo.

Nilipopiga tena simu, wakaniambia labda niliitoa kadi mashine ikiwa inaandika. Sikuitoa. Yule kijana wa Jamatini akaipima kwa programu inayoitwa H2testw, ambayo huijaza kadi data kisha kuisoma tena kuangalia kama inarudi ilivyoandikwa. Kadi iliyoandikwa 32 ilikuwa na gigabaiti 8 za kweli. Zilizobaki ni maandishi kwenye plastiki. Ikijaa, inaendelea kupokea, na inatupa. Mwalimu wa kwaya alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada, tutaimba tena." Waliimba tena, bila malipo ya ziada kwa yeyote, na mwimbaji wao mdogo wa soprano mwenye miaka kumi na mmoja alikuwa ameshapata mafua. Hakuna kadi inayoingia kwenye mashine yangu sasa bila kupimwa kwanza, hata ikitoka kwenye boksi lililofungwa. Kupima gigabaiti 32 kunachukua zaidi ya saa moja. Naiacha inapima nikipika.

Kwa hiyo ninunue au nisinunue? Kama kazi yako ni ya chumbani, una kompyuta na umeme wa uhakika, na unapokea midundo kutoka kwa watu kila siku, usiinunue. Kila faili litakuwa safari ya kugeuza, kunakili na kupima, na kompyuta ingelipokea kama lilivyo. Kama kazi yako ni kuwafuata watu waliko, hakuna kitu kwa bei hii ninachokifahamu kinachoifikia. Ninapoitathmini kwa kurekodi, naipa tisa kwa kumi. Kwa kuingiza mafaili, naipa nne, na mbili kati ya hizo ni kwa sababu ukishamaliza masharti yake haibadiliki: faili lililoingia leo litaingia kesho.

Nimeshachoka kuwaeleza watayarishaji upya kila mara, kwa hiyo nina ujumbe mmoja nimeuhifadhi kwenye simu. Naunakili hapa, anayeuhitaji auchukue:

"Habari kaka. Naomba mdundo katika WAV, kilohezi 44.1, biti 24, si 32. Kila chombo faili lake, yote yaanze sekunde ya sifuri, na makofi mawili mwanzoni. Jina la faili lisizidi herufi nane, bila nafasi wala alama. Tuma kama dokumenti, tafadhali, usitume kama sauti. Niandikie pia urefu wa wimbo kwa dakika na sekunde. Bando nitakurudishia."

Mpiga kinanda wa Dar es Salaam sasa huandika urefu kabla sijamwomba. Wa mwisho alioutuma ni dakika 3 na sekunde 52. Nimeuingiza leo asubuhi, na mashine imeandika 3:52.